Maskani ya Timu: Soka la Kulipwa na Miji Midogo ya Pwani ya Kusini, kutoka Delta ya Rufiji hadi Ruangwa

Timu ya Ligi Kuu inayosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Ruangwa hupita Bungu, Kibiti na Ikwiriri kabla ya kuvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Bungu ndipo inapochepuka njia ya kwenda Nyamisati, kwenye gati la vyombo vya Mafia. Katika kipande chote hicho cha barabara basi hilo halisimami kucheza. Wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa bado wilaya moja wakati wa sensa ya 2012, nayo ilihesabiwa wakazi 217,274. Ruangwa ilihesabiwa wakazi 131,080 katika sensa hiyohiyo, na Ruangwa ndiyo yenye timu. Makala haya yanachunguza ni nini huufanya mji uwe maskani ya timu ya kulipwa, na ni nini huifanya timu hiyo ifungashe na kuhama.

Jibu linalotolewa kwa wepesi ni kwamba timu hufuata watu. Takwimu zilizotajwa hapo juu zinatosha kulitilia shaka. Jibu la pili, kwamba timu hufuata fedha, lina ukweli zaidi, ila halisemi ni fedha za nani, zinapita katika mikono gani, wala zitadumu kwa muda gani. Hapo ndipo historia inapohitajika.

Ligi ya taifa ilianza 1965 na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu ya Dar es Salaam iliyoitwa Simba kuanzia 1971. Baada ya Azimio la Arusha, na baada ya kuundwa kwa Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya 1967, mpira wa miguu ulihesabiwa kuwa mchezo wa ridhaa. Hata hivyo, mchezaji hakuishi kwa hewa. Mashirika ya umma yalimwajiri kama karani, fundi au mpagazi, yakampa ruhusa ya kufanya mazoezi, na jioni akavaa jezi yenye jina la mwajiri wake. Ndivyo zilivyosimama Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi na RTC ya Kagera. Katika mfumo huo viingilio vya mlangoni havikuwa suala la kufa na kupona. Palipokuwa na karakana, ghala au bandari yenye orodha ndefu ya mishahara, timu iliwezekana, hata kama mji wenyewe ulikuwa mdogo.

Rufiji haikuwa na orodha hiyo. Utajiri wa delta ni mikoko, kamba, samaki na mpunga. Utajiri wa nchi ya juu, kuelekea Kibiti, ni korosho. Mali hiyo iko mikononi mwa maelfu ya wakulima na wavuvi wadogo, na mnunuzi wake hutoka nje. RUBADA, mamlaka ya bonde la Rufiji iliyoundwa 1975, ilikuwa chombo cha mipango kuliko cha ajira. Isitoshe, hadi daraja lilipofunguliwa 2003 mto ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakichachamaa safari ya kusini ilikatika. Ratiba ya ligi haipatani na mto unaoamua wenyewe siku ya kuvukwa. Daraja lilipunguza tatizo hilo bila kulimaliza: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata tena barabara katika eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yaliondoa nguzo ya mashirika, na timu nyingi zilizotajwa ziliporomoka. Kilichobaki kinafundisha mengi. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, ilitwaa ubingwa wa taifa 1999 na 2000, ikiziacha nyuma Simba na Yanga zenye mashabiki nchi nzima. Turiani si jiji wala haijawahi kudai kuwa jiji. Ilikuwa na mwajiri mmoja mkubwa aliyeamua kwamba timu ni sehemu ya kiwanda, na uamuzi huo uliishinda hesabu ya idadi ya watu.

Ni vyema kuutazama upande wa pili wa dunia, ambako swali hili liliwahi kuulizwa kuhusu jiji kubwa na tajiri. Mwaka 1995 ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilifungua milango yake kwa majiji mawili ya Kanada, Toronto na Vancouver. Timu ya Vancouver, Grizzlies, ilishinda michezo 15 na kupoteza 67 katika msimu wake wa kwanza, na haikupata hata mara moja msimu wa kushinda zaidi ya kushindwa. Kushindwa pekee hakuhamishi timu. Tatizo zito zaidi lilikuwa kwamba tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada, iliyokuwa ikishuka thamani, ilhali wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani. Mgomo wa waajiri uliofupisha msimu wa 1998/99 ulipoza hamu ya watazamaji. Mwaka 1999 Steve Francis, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka huo, alikataa kwenda kucheza huko. Mmiliki mpya, Michael Heisley, alinunua timu mwaka 2000, na mwaka uliofuata akaipeleka Memphis. Toronto ilibaki, na mwaka 2019 ikawa bingwa. Kwa hiyo anayesema kwamba Kanada haikufaa kwa mpira wa kikapu anakosea. Kilichokosekana Vancouver ni mmiliki aliyekuwa tayari kuvumilia hasara hadi mambo yatengemae. Msomaji wa Tanzania anayo sababu yake ya kuikumbuka timu hiyo: mwaka 2009, ikiwa tayari Memphis, ilimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa pili katika uteuzi.

Tofauti ya sarafu iliyoitesa Vancouver ina ndugu yake Ruangwa. Mchezaji wa Ligi Kuu hupangiwa bei na soko la Dar es Salaam, ambako Simba, Yanga na Azam hushindana kumlipa, lakini shabiki wa Ruangwa hulipa kiingilio kutoka katika mfuko wa ufuta na korosho, mfuko unaojaa kwa msimu. Namungo, timu yenye jina la kijiji cha wilaya hiyo, ilipanda Ligi Kuu 2019. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa kushangaza: Agosti 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1, na kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaiangukia Namungo. Katika mashindano hayo iliitoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7 kwa 5, na michezo yote miwili ilichezwa Dar es Salaam kwa sababu za masharti ya korona. Hatua ya makundi ilikuwa kali mno kwake, kwani iliondoka bila pointi hata moja.

Mafanikio hayo hayaelezeki kwa viingilio. Uwanja wa nyumbani unaitwa Majaliwa, kwa jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Timu kubwa inapokuwa na mlezi wa ngazi hiyo, wadhamini hupatikana na milango hufunguka. Hakuna aibu katika hilo, maana Turiani ilikuwa na kiwanda na Mwanza ilikuwa na bodi ya pamba. Ila kiwanda hakigombei uchaguzi.

Mkoa wa Pwani, ambao Kibiti imo ndani yake, umewahi kuwa na Ligi Kuu kwa njia nyingine kabisa. Ruvu Shooting, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ilikuwa na uwanja wa Mabatini, Mlandizi. Hata hivyo, msimu wa 2021/22 mchezo wake wa nyumbani dhidi ya Simba ulichezwa Mwanza, na ule dhidi ya Yanga ukachezwa Kigoma. Sababu ni rahisi kuifahamu: michezo hiyo miwili ndiyo inayoleta mapato ya maana kwa timu ndogo, nayo huleta zaidi penye uwanja mkubwa na mashabiki wasioziona klabu hizo mara kwa mara. Lakini mkazi wa Mlandizi aliyesubiri mwaka mzima kuiona Simba nyumbani kwake alibaki na redio. Mwaka 2023 timu hiyo ilishuka daraja. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media wa 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umezipa timu ndogo mapato yasiyotegemea mlango, na bila shaka umeokoa baadhi yao. Umerahisisha pia kuhama, kwa kuwa timu inayoishi kwa televisheni haimhitaji sana jirani yake.

Ihefu ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Timu hiyo ya Ubaruku, wilayani Mbarali, ilihamishiwa Singida wakati wa msimu wa 2023/24, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Pointi na nafasi katika ligi vilisafiri. Ubaruku ilibaki na uwanja wa Highland Estates.

Kwa Kibiti, njia inayopendekezwa mara kwa mara ni ya halmashauri kumiliki timu, kama zilivyofanya Mbeya, Kinondoni na Mwanza. Ulinganisho huo haufai. Halmashauri hizo zina masoko, stendi na biashara za mjini za kutoza. Ya Kibiti hutegemea zaidi ushuru wa mazao na samaki, mapato yanayopanda na kushuka pamoja na bei ya korosho. Kuyafunga mapato hayo katika mishahara ya wachezaji, huku vijiji vya delta vikifikiwa kwa mashua na kwa kusubiri maji yajae, ni uamuzi ambao diwani wa Nyamisati angekuwa na haki ya kuupinga barazani.

Hata watazamaji wenyewe ni tatizo la kijiografia. Mtu wa visiwa vya delta anayekwenda kutazama mchezo wa saa kumi jioni Kibiti halali kwake usiku huo. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoikumba wilaya hiyo, pikipiki zilipigwa marufuku usiku, na bodaboda ndiyo inayomrudisha shabiki nyumbani.

Kukosa timu, hata hivyo, si kukosa mpira. Vibanda umiza vya barabara ya kusini hujaa siku ya Simba na Yanga. Wandengereko wengi wamehamia Temeke na Mbagala kwa vizazi kadhaa, kiasi kwamba Uwanja wa Mkapa, ulioko Temeke, uko karibu na jamaa zao kuliko uwanja wowote utakaojengwa Ikwiriri. Kwa kipimo hicho maskani ya soka la Rufiji yalikwishahamia Dar es Salaam muda mrefu, na hayakuhamishwa na mmiliki yeyote.

Ruangwa ndiyo inayosubiri jibu lake sasa. Mwaka 2025 Majaliwa hakugombea tena ubunge, na Novemba mwaka huo akaondoka katika uwaziri mkuu. Jina lake lingali ukutani, na timu ingali katika Ligi Kuu.