Kijibwa cha Tegeta, bata na makabaila

Wiki tatu zilizopita mhariri alinituma Tegeta kumhoji mzee mmoja, mhandisi mstaafu, kuhusu mambo ya barabara. Habari ikatoka, ikakatwa nusu, ikatupwa ukurasa wa tisa, yakaisha. Kilichonibaki kichwani ni mbwa.

Nilikuwa nimekaa barazani nikisubiri mzee amalize kuongea na simu. Uani kulikuwa na bata watatu wa kufugwa, wale wanaotembea kama wao ndio wenye hati ya kiwanja. Mara akatokea mtoto wa mbwa, umri wa miezi minne hivi, rangi ya kahawia na madoa meupe, masikio yamelala. Nikajua sasa ni vita. Badala ya kukurupuka, mbwa akasimama ghafla. Mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka kama rula, pua imeelekea kwa bata. Akaganda. Nzi akamtua sikioni, hakutikisika.

Mzee alipotoka nikamwamkia, kisha nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye daftari langu.

"Mzee, huyu umemfundishaje?"

"Hilo sikumfundisha, mwanangu. Kazaliwa nalo. Kazi ni hayo mengine."

Mbwa wenyewe ni pointa wa Kijerumani, wale wenye manyoya mafupi. Mzee alisoma Ujerumani enzi zile, akawaona wenyeji wake wakiwafundisha watoto wa mbwa wa aina hii kuwinda bata mwitu. Nilirudi nyumbani na swali: nani alitengeneza mnyama anayemwona ndege halafu anasimama? Mbwa wote ninaowajua mimi wakiona ndege wanakimbiza. Nimesoma kwa wiki tatu sasa (watu wa chumba cha habari wananicheka), na nilichokikuta si habari ya mbwa tu. Ni habari ya nani ana ruhusa ya kuwinda.

Tuanze na kule kuganda. Kabla bunduki hazijawa nyepesi na za kuaminika, watu wa Ulaya waliwinda kwale kwa wavu. Mbwa alinusa, akawakuta ndege wamejibanza majanini, akasimama au akalala chini. Wawindaji wakaja polepole na wavu wakaufunika juu ya ndege, mara nyingi na mbwa mwenyewe ndani yake. Mbwa mwenye pupa aliwarusha ndege na watu wakalala njaa. Mbwa mtulivu akazalishwa tena. Fanya hivyo vizazi na vizazi, utapata kijibwa kinachoganda Tegeta mbele ya bata wa jirani. Kusita kidogo kabla ya kurukia mawindo wanako wanyama wengi wawindao, hata paka wako. Binadamu alichofanya ni kukirefusha kitambo kile.

Sasa sheria. Mwaka 1671, chini ya Mfalme Charles wa Pili, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uwindaji iliyosema mtu asiye na ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka haruhusiwi kuwinda. Wana wa wakubwa fulani waliachiwa. Waliobaki, yaani karibu nchi nzima, walikatazwa hata kumiliki bunduki, nyavu na mbwa wa kuwindia. Walinzi wa makabaila waliruhusiwa kupekua nyumba na kuvichukua. Soma tena hapo: mbwa alikuwa kielelezo cha kosa, kama gongo au bangi. Sharti la mali liliondolewa mwaka 1831 tu, miaka 160 baadaye, likawekwa cheti cha kulipia.

Katika karne hiyo na nusu pointa wa Kiingereza aliumbwa na watu wenye mashamba makubwa na watumishi wengi. Inasemekana mababu zake waliletwa na askari waliotoka vitani Hispania, baada ya mkataba wa Utrecht wa 1713. Kabaila alikuwa na mbwa wa kutafuta ndege, mwingine wa kuokota ndege aliyeanguka, na mtu wa kuwashika wote. Pointa akawa fundi wa jambo moja: kukimbia mbali uwandani, kunusa, kuganda. Kuingia maji ya baridi kumfuata bata ilikuwa kazi ya mbwa mwingine. Mwenye watumishi ishirini hahitaji mbwa wa kazi zote.

Ujerumani mambo yakaenda kivingine. Mapinduzi ya 1848 yalitikisa makabaila, na miongoni mwa madai ya wakulima lilikuwa hili la uwindaji. Kwa karne nyingi wakubwa waliwinda ndani ya mashamba ya watu, farasi wakikanyaga ngano, na mkulima hana la kusema. Oktoba 1848 Prussia ilifuta haki ya mtu kuwinda kwenye ardhi ya mwenzake. Ushindi mkubwa, ila haukudumu kama ulivyokuwa. Sheria ya 1850 ikasema ili uwinde mwenyewe lazima uwe na eneo kubwa lililoungana. Viwanja vidogo vya wakulima viliunganishwa na uwindaji wake ukakodishwa. Waliokodi ni nani? Wafanyabiashara, maofisa, watu wa mjini wenye hela kiasi. Mkulima akapata kodi, bunduki ikabaki kwa mwingine.

Lakini hawa wapya hawakuwa na banda la mbwa thelathini. Walikuwa na nafasi ya mbwa mmoja, pengine analala jikoni. Mbwa huyo mmoja asubuhi akute kwale, mchana amfuate sungura aliyejeruhiwa, jioni aingie kwenye matete alete bata. Hapo ndipo Wajerumani walipomchukua mbwa wao wa zamani, mzito na mpole, wakamchanganya na pointa wa Kiingereza mwenye mbio na pua. Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwandishi mmoja kabaila, Sigismund von Zedlitz und Neukirch, aliyejulikana kwa jina la Hegewald, alipigia debe mchanganyiko wa pointa na pudo. Ndiyo, pudo yule yule unayemwona kwenye picha kanyolewa mafundo mafundo. Usimcheke. Asili yake ni mbwa wa majini, muokota bata. Jina lake la Kijerumani, Pudel, linatokana na neno la kurukaruka na kutapanya maji.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa wa Tegeta amebeba vitu viwili vinavyogombana. Kimoja kinamwambia simama. Kingine kinamwambia ingia majini. Kumfundisha kuwinda bata ni kusuluhisha huo ugomvi, na hapa nimekuta historia nyingine kabisa.

Kwa Kiingereza cha zamani kumfundisha mbwa wa kuwinda kuliitwa kumvunja. Hadi umri wa karibu mwaka mmoja aliachwa tu, kisha akaanza kuvunjwa, na kiboko kilikuwa karibu. Mwaka 1848, mwaka ule ule wa mapinduzi, mwanajeshi wa Uingereza W. N. Hutchinson alichapisha kitabu cha kumfundisha mbwa wa kuwinda, akisisitiza subira na kumtuza. Wengi walimsoma, lakini kiboko hakikuisha. Mwaka 1910 Mjerumani Konrad Most, mtu wa mbwa wa polisi, alitoa kitabu chake ambacho kilijenga mafunzo juu ya kulazimisha, na kikawa na athari kwa muda mrefu. Kisha mwaka 1961 Mmarekani Richard Wolters akaandika kwamba mafunzo yaanze mtoto akiwa na siku 49. Alitegemea utafiti uliofanyika Bar Harbor, Maine, ambako John Paul Scott na wenzake walionyesha kuwa wiki za mwanzo ndizo mbwa anapojenga uhusiano na binadamu. Wolters alikuwa akifunga bawa la ndege kwenye ufito wa kuvulia samaki, analipeperusha mbele ya mtoto wa mbwa mpaka agande.

Mzee wangu ana ufito huo, na bawa la kuku. Lakini anautumia kwa nadra. "Ukizidisha anajifunza kutumia macho. Bata mwitu humuoni, yuko kwenye matete. Ni pua." Anachotilia mkazo ni vitu vitatu vinavyochosha kuvitazama: kusimama anapoambiwa, kuja anapoitwa, kuleta kitu bila kukitafuna. Mlio wa bunduki huletwa kwa mbali, mbwa akiwa na furaha ya kitu kingine, kwa sababu akiogopa mara moja kumrudisha ni kazi. Na maji ndiyo yanayoharibu mbwa wengi: usimtupe kamwe. Unavua viatu, unaingia wewe kwanza, mahali pa kina kifupi, maji ya uvuguvugu, naye anakufuata.

Ujerumani mbwa wa mwaka wa kwanza anapimwa majira ya kuchipua: pua, kutafuta, kuganda, kushirikiana na mtu wake. Vuli anapimwa tena, na safari hii bata wamo. Bata hai anayezuiwa kuruka kwa karatasi iliyofungwa kwenye manyoya ya bawa moja, anaachwa matetini mbwa amtafute. Wapenda wanyama walipinga, kesi zikafika mahakamani. Watetezi hujibu kwamba bata aliyejeruhiwa akakosa mbwa wa kumtafuta hufa polepole. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na sina haraka ya kuchagua.

Kabla hujasema haya ni ya Wazungu, fungua sura ya Maida. Kwetu pwani mbwa ni najisi, tunakwepa hata pua yake. Lakini aya ya nne inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wakaweka vigezo vya aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile. Ukivilinganisha na vya mzee wa Tegeta, utadhani walikaa darasa moja.

Sasa lile lililonikosesha usingizi. Mwaka 1896, gavana Hermann von Wissmann, yule aliyemnyonga Abushiri kule Pangani mwaka 1889, alitoa sheria ya kwanza ya jumla ya wanyamapori kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yenye leseni na maeneo yaliyofungwa. Hii ni serikali ya watu ambao babu zao, miaka chini ya hamsini nyuma, walikuwa wamepigania kwao kufuta uwindaji wa wakubwa. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yakakutana London na kuandika mkataba wa wanyama wa Afrika. Ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia yabanwe. Nyavu! Kitu kile kile kilichomuumba mbwa wao. Mkataba haukuanza kutumika rasmi, ila fikra zake ziliingia kwenye sheria za makoloni.

Babu yangu alinisimulia kuhusu Bwana Nyama, mkubwa wa wanyamapori wakati wa Mwingereza. Yeye alikuwa mtoto bado. Baba yake alikuwa na mbwa wawili, hawana klabu wala kitabu cha ukoo, wanawinda kanga na digidigi pembeni ya mashamba. Siku habari ilipokuja kwamba Bwana Nyama yuko njiani, mbwa walipelekwa migombani, wakafungwa midomo kwa kamba ya mgomba, na babu akaambiwa akae nao awakande shingo ili wasikorome. Alikaa hadi giza. Nilipoisikia kwanza niliiona kichekesho. Baada ya kusoma sheria ya 1671, nimempigia simu anisimulie upya.

Jumamosi nilirudi Tegeta, bila daftari. Mzee alikuwa amejaza karai maji vidole vinne, akaweka bakuli la chakula katikati, juu ya tofali. Kijibwa kilizunguka karai mara nne, kikibweka. Mzee akavua kandambili, akaingiza mguu wake mmoja ndani ya karai, akatulia. Tukangoja kama dakika kumi, hakuna aliyesema neno. Kisha kikaweka unyayo mmoja majini, karibu na kidole gumba cha mzee, kikauacha hapo.