Shahada ya uuguzi: Anayosomea mwanafunzi

Mwanafunzi wa Kitui au Makueni aliyepata wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE, na kufaulu vyema katika baiolojia na kemia, anaweza kusomea shahada ya uuguzi bila kwenda Nairobi. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), kilichoko Kwa Vonza, Kitui, hufundisha kozi hiyo.

Masomo huchukua miaka 4. Kwanza ni maumbile ya mwili, vijidudu na dawa; kisha utunzaji wa wagonjwa, upasuaji, ukunga, afya ya watoto, ya akili na ya jamii; hatimaye uongozi na utafiti. Sehemu kubwa hufunzwa wodini na vijijini. Katika zahanati ya mbali, muuguzi huenda akawa peke yake mama anapojifungua au mtu anapoumwa na nyoka. Ndiyo sababu hakuna somo linalorukwa.

Hata hivyo, shahada pekee haitoshi. Mhitimu sharti apite mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, asajiliwe na kupewa leseni. Kwa hivyo, mzazi ahakikishe kabla ya kulipa karo kwamba kozi imeidhinishwa na Baraza hilo.