Mechi ya Kwanza ya Msimu: Soka ya Chuo Mpuguso na Mashabiki Wake

Mpuguso ni kata ya Wilaya ya Rungwe, jirani na mji wa Tukuyu. Nje ya wilaya jina lake linajulikana zaidi kwa chuo cha ualimu cha serikali kilichopo hapo. Kama vyuo vingine vya ualimu nchini, chuo hicho kimekuwa mahali pa mpira kama kilivyokuwa mahali pa ubao na chaki, na mambo hayo mawili hayatenganishiki kirahisi. Katika Afrika Mashariki soka iliingia kwa sehemu kupitia vyuo vya kuandaa walimu. Mfano wa awali kabisa ni chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Zanzibar, ambako wamisionari Waanglikana wa shirika la UMCA walicheza mpira na wanafunzi wao mwishoni mwa karne ya 19. Wanafunzi hao walikuwa wakiandaliwa kuwa walimu na makasisi. Walipopangiwa vituo bara na pwani, walikwenda na Biblia, vitabu vya kusomea na mpira. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, na mpira ukahama nacho.

Rungwe ilipata elimu ya shule kwa njia nyingine. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika mwaka 1891. Hao walikuwa Wajerumani, na soka haikuwa sehemu ya ibada wala ya ratiba yao ya shule. Mpira ulipata nguvu baada ya Waingereza kuitwaa nchi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hasa shule za serikali zilipoanza kusambaa kusini. Shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 upande wa Iringa, ilipata sifa kwa kuingiza ngoma na michezo ya jadi katika masomo, na vijana wa nyanda za juu waliokwenda huko walirudi na mazoea ya kushindana kwa timu. Mpuguso ilikuwa na shule ya kati, yaani ile ya darasa la tano hadi la nane katika mfumo wa miaka ya 1950. Shule za namna hiyo zilikuwa za bweni au za kutembea mwendo mrefu, na jioni zake zilihitaji kitu cha kuwashughulisha vijana.

Kwa Wanyakyusa, vijana wa rika moja kujiona kundi moja halikuwa jambo la kufundishwa na mzungu. Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya vijiji vya marika: wavulana waliofikia umri wa miaka 10 hivi waliacha kulala kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao, wakachunga ng'ombe pamoja na kukua pamoja hadi wakawa wazee wa kijiji kimoja. Ni vigumu kuamini kwamba desturi hiyo haikuusaidia mpira. Timu ya wachezaji kumi na mmoja wanaojuana tangu machungani ilikuwa tayari imeundwa kabla mwalimu hajapuliza filimbi. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara au wa majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba, na migomba Rungwe haijawahi kuadimika.

Kilichoadimika ni uwanja tambarare na siku kavu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachoiweka miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Mvua huanza Novemba, hushika kasi Machi na Aprili, na huendelea hadi Mei. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya afadhali, ingawa ukungu na manyunyu hayakosekani. Kwa hiyo msimu wa mpira Rungwe ulifuata mbingu kabla ya kufuata chama chochote cha soka. Mechi iliyopangwa Februari ilichezwa kwenye matope, na timu ya mabonde yenye joto ya Kyela, iliyozoea kuchezesha mpira chini, ikapanda mlima na kukuta mpira haubiringiki. Viwanja vingi vya wilaya hiyo vimechongwa kwenye miteremko. Upande mmoja ni ukingo wa udongo ambao mashabiki huugeuza jukwaa, upande wa pili ni bonde, na mpira ukitoka huko mchezo husimama hadi mtoto mmoja aurudishe.

Katika vyuo vya ualimu kulikuwa na kanuni nyingine iliyotawala msimu: muda wa mafunzo. Kozi ya ualimu wa shule za msingi ilikuwa kwa kawaida ya miaka miwili. Maana yake ni kwamba kila mwaka nusu ya timu ilihitimu na nusu ya mashabiki iliondoka nayo. Klabu ya mtaani hurithiwa, baba akimwachia mwana. Timu ya chuo haina wa kuirithi. Anayeshangilia mechi ya kwanza huenda aliripoti wiki mbili zilizopita akitokea Kigoma au Lindi, bado anajifunza njia ya kwenda bwaloni, na moyoni ni Simba au Yanga. Ushabiki wa chuo hujengwa upya kila mwaka, na mechi ya kwanza ndiyo siku ya kuujenga. Hili ndilo jambo linaloitofautisha zaidi na mechi nyingine zote.

Ndiyo sababu maandalizi yake huanza ndani ya chuo. Mara nyingi mwaka wa kwanza hupambanishwa na mwaka wa pili, na wakufunzi hutazama kutoka pembeni ni nani wa kuingia kikosini. Waziri wa michezo wa serikali ya wanachuo hutafuta jezi, na jezi zikipungua, namba huandikwa upya. Mistari huchorwa kwa chokaa, na chokaa ikikosekana, jivu la jikoni linatosha. Kwenye eneo la goli lenye dimbwi humwagwa maranda ya mbao. Wasichana wa netiboli hucheza kwanza, saa nane au saa tisa, na mechi ya wanaume hufuata hadi magharibi. Wa mwaka wa pili hukaa pamoja na kuanzisha nyimbo; wa mwaka wa kwanza hupokea kiitikio bila kujua maneno, na kufikia nusu ya pili wameshayajua. Kwaya ya chuo huwa na mchango hapa kuliko inavyosemwa, maana wanachuo wengi wamezoea kuimba sauti nne tangu kanisani, na shangilio la chuo cha ualimu husikika limepangwa kwa namna ambayo uwanja wa mjini hauna.

Wenyeji wa Mpuguso na Tukuyu nao hufika, na wao huja na macho makali. Wilaya hii iliwahi kutoa bingwa wa nchi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala kwa jina la mashabiki, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Klabu ya mji mdogo wa milimani ilizipita Simba na Yanga katika msimu wake wa kwanza kabisa wa ligi hiyo. Mwaka uliofuata kombe lilirudi Yanga, na Tukuyu Stars haikulitwaa tena. Tangu hapo mabingwa wa nje ya Dar es Salaam wamekuwa wachache: Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, kisha Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Mzee wa Tukuyu aliyeshuhudia mwaka 1986 haridhiki kirahisi na beki wa chuo anayepiga mpira juu ovyo, na humwambia hivyo waziwazi.

Siasa za elimu ziligusa timu za vyuo moja kwa moja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu kwa wote uliofuata vililazimisha nchi kuandaa walimu kwa maelfu, na wengi wao waliandaliwa wakiwa kazini vijijini, mbali na viwanja vya vyuo. Pigo kubwa zaidi kwa soka ya chuo lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, pale mafunzo yalipogawanywa kuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Kwa muda timu ikawa na msimu mmoja tu wa kuishi, na mwaka wa pili wa kuwafundisha wageni nyimbo ukakosekana chuoni. Katika kipindi hichohicho serikali ilisimamisha mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ya shule za msingi na sekondari, na vyuo vikapokea vijana ambao hawakupitia mashindano yoyote ya maana. Mashindano hayo yalirudi baadaye. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 uliweka somo la Haiba na Michezo, na hivyo mwalimu mtarajiwa akapata sababu ya kitaaluma ya kukimbia uwanjani.

Kwingineko duniani mechi ya kwanza ya chuo huwavuta hata wahitimu. Huko Marekani, ambako mpira wao ni wa mikono zaidi ya miguu, msimu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliofunguliwa mwaka 1927, huchukua zaidi ya watu 100,000, wakiwamo waliohitimu zamani. Mhitimu wa Mpuguso hapati nafasi hiyo. Kituo chake cha kazi huenda kiko umbali wa siku mbili kwa basi, na siku timu ya chuo inapofungua msimu yeye huwa anafungua msimu wa shule yake ya msingi, akiwa kocha, refa na mtunza mpira kwa pamoja.

Baada ya mechi za ndani, kikosi huandaliwa kwa UMISAVUTA, mashindano ya michezo na sanaa ya vyuo vya ualimu. Vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, kama Kleruu cha Iringa na Tandala cha Makete, ndio wapinzani wa karibu, na safari ya kukutana nao hufanywa na wachezaji, wanariadha na wanakwaya katika msafara mmoja. Mpinzani mwingine yuko karibu zaidi. Jumamosi jioni, vibanda umiza vya Tukuyu huonyesha ligi ya Uingereza na Ligi Kuu ya Bara kwa kiingilio kidogo. Chuo kinachotaka uwanja ujae hakina budi kutazama ratiba ya Simba na Yanga kabla ya kupanga siku ya mechi yake.