Gego Lenye Mzizi Uliopinda

Leo tuongee juu ya gego linaloota mtoto akifikisha miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino linalong'oka ili kulipisha, wengi hudhani nalo ni la utotoni na litabadilishwa. Halibadilishwi! Likioza hadi kwenye kiini, pale penye neva na damu, huwa linang'olewa, au mizizi yake inasafishwa ndani na kuzibwa.

Ugumu ni kwamba mizizi ya magego hupinda, na mfereji ulio ndani yake ni mwembamba sana. Utaingizaje chuma humo?

Mwaka 1838, daktari wa meno Mmarekani Edward Maynard alichonga springi ya saa akapata kifaa cha kusafishia mfereji huo. Baadaye zikaja tupa ndogo za chuma, kisha za chuma kisichoshika kutu, zikizungushwa kwa vidole. Tupa nyembamba hupinda bila shida. Ile nene ni kaidi: ikifika kwenye kona hutaka kunyooka, hukwangua upande mmoja, na pengine hutoboa mzizi. Jino likishatobolewa ni vigumu kuliokoa.

Suluhisho lilitoka mahali usipotarajia. Katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, William Buehler na wenzake walichanganya nikeli na titani, wakapata metali iitwayo Nitinol, ambayo ukiipinda hurudi ilivyokuwa. Miaka ya 1970 ilitumika kwa waya za kunyooshea meno. Mwaka 1988, Walia na wenzake walichonga tupa kutokana na waya hizo, wakaona zinanyumbuka mara 2 hadi 3 kuliko za chuma. Miaka ya 1990 tupa za namna hii zikafungwa kwenye mota inayozunguka polepole. ProTaper ilitoka mwaka 2001. Mwaka 2008 Yared alieleza jinsi ya kutumia tupa moja tu, inayozunguka mbele na kurudi nyuma, na mwaka 2011 zikatoka Reciproc na WaveOne za mwendo huo.

Ipi bora? Zikilinganishwa kwenye mfereji uliopinda, karibu zote hufuata kona vizuri kuliko chuma cha zamani, na zile zilizopitishwa kwenye joto maalum hunyumbuka zaidi. Kwa maoni yangu jina la tupa si neno kubwa. Neno kubwa ni uchovu wa metali. Nitinol huweza kukatika ghafla ndani ya mzizi bila kuonyesha dalili, hasa ikiwa imetumika mara nyingi. Reciproc na WaveOne zimekusudiwa kutumika mara moja tu.

Kwa hiyo, mama, ukiambiwa gego la kijana wako ling'olewe kwa sababu mzizi umepinda, uliza kwa heshima: je, kuna kituo chenye tupa zinazonyumbuka? Ni mpya, au zimetumika mara ngapi? Picha ya eksirei yaonyesha nini? Kama mtoto hajafika miaka 9 au 10, mizizi ya gego hilo huenda haijakomaa, na matibabu yake ni mengine kabisa. Uliza hilo kwanza, kabla sindano ya ganzi haijachomwa.