Kurusha eneokazi la kompyuta kwenye televisheni

Kurusha eneokazi ni kuonyesha kwenye televisheni kila kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na sauti yake, kwa kupitia mtandao wa nyumbani badala ya waya. Kompyuta hunasa picha za kioo chake mfululizo, huzibana na kuzituma. Televisheni, au kifaa kilichochomekwa kwenye televisheni hiyo, huzifungua na kuzionyesha. Kazi yote hufanyika baina ya vifaa vilivyo chini ya paa moja, hivyo haihitaji intaneti wala haili bando. Hilo lina uzito mahali kama Kwai, kata ya Wilaya ya Lushoto kwenye Milima ya Usambara ya Magharibi. Huko kilima kimoja chaweza kuikinga nyumba na mnara wa simu, na familia nyingi hupata intaneti kwa kununua vifurushi.

Mtandao wa nyumbani na intaneti

Mtandao wa nyumbani huundwa na rauta, ambayo hukipa kila kifaa anwani yake. Anwani hizo hutoka katika mafungu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani tu, likiwemo lile linaloanza na 192.168. Tuseme kompyuta imepewa 192.168.1.5 na televisheni 192.168.1.8. Data inayotoka kwa ya kwanza kwenda kwa ya pili hufika kwenye rauta na kugeuzwa humo humo. Haitoki kwenda mnarani. Video ya megabiti 8 kwa sekunde hufikisha gigabaiti 3.6 kwa saa moja. Kiasi hicho kingemaliza vifurushi vingi kama kingepita kwenye intaneti, lakini ndani ya nyumba hakilipiwi.

Bando huliwa pale tu ambapo kitu kinachoonyeshwa kinatoka nje. Mtu anayefungua video ya YouTube kwenye kompyuta na kuirusha sebuleni hulipia kuipakua mara moja. Safari ya pili, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye televisheni, ni ya bure. Filamu au somo lililokwisha kuhifadhiwa kwenye diski halina gharama yoyote ya data.

Pasipo na rauta, simu inayogawa mtandao huweza kushika nafasi yake: kompyuta na televisheni huunganishwa na simu hiyo hiyo na kuwasiliana kupitia kwayo, hata bando likiwa limekwisha. Tahadhari ni kwamba televisheni ya kisasa ikipata intaneti huweza kuanza kupakua masasisho yake bila kuuliza. Ni busara kuzima data ya simu kabla ya kuanza.

Safari ya picha

Kioo cha kompyuta chenye pikseli 1,920 kwa 1,080 kina pikseli zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikielezwa kwa biti 24, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, data hufikia karibu gigabiti 1.5 kwa sekunde, kiasi ambacho Wai-Fai ya kawaida ya nyumbani haiwezi kubeba. Ndiyo maana picha hubanwa kwanza. Kanuni inayotumika zaidi ni H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Iliyoifuata, H.265, ilitolewa mwaka 2013 na hubana zaidi. Kwa H.264, eneokazi la ukubwa huo hurushwa vizuri kwa megabiti 5 hadi 20 kwa sekunde.

Ubanaji hutegemea kutorudia kilichokwisha kutumwa. Picha moja hutumwa nzima, kisha zinazofuata hueleza tofauti tu. Ukurasa wa maandishi uliotulia hauna tofauti isipokuwa mshale wa kipanya unaotembea, hivyo data yake ni kidogo. Mechi ya mpira, ambamo uwanja mzima husogea pamoja na kamera, hudai data nyingi zaidi, na mtandao ukilemewa picha huvunjika vipande vya mraba.

Rangi nazo hupunguzwa. Njia nyingi za kurusha hutunza mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huihifadhi kwa kila kundi la pikseli nne. Kwenye filamu jicho halitambui. Kwenye maandishi madogo hutambua haraka: herufi nyekundu juu ya bluu hufifia kingo, ilhali herufi nyeusi juu ya nyeupe hubaki kali. Anayeandaa somo la kuonyeshwa kwa njia hii hufanya vema kuchagua herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe.

Njia kuu

Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris walianzisha mradi wa VideoLAN ili kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Programu ya VLC ni tunda la mradi huo. Mwaka 2003 kampuni za vifaa vya elektroniki ziliunda umoja uliokuja kuitwa DLNA, ambao utaratibu wake uliiwezesha televisheni kucheza mafaili yaliyo kwenye kompyuta, ingawa haukuonyesha eneokazi lenyewe. AirPlay ya Apple ilifuata mwaka 2010, Miracast ya Wi-Fi Alliance mwaka 2012, na Chromecast ya Google mwaka 2013.

Miracast ndiyo iliyo karibu zaidi na mtumiaji wa Windows, kwani imo ndani ya mfumo huo tangu Windows 8.1. Kwa kawaida kompyuta huongea na televisheni moja kwa moja kwa Wai-Fai, bila rauta. Mtumiaji hufungua sehemu ya kuakisi kioo kwenye televisheni, hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na K kwenye kompyuta, kisha huchagua jina la televisheni linapotokea. Kompyuta za Apple hutumia AirPlay, ambayo hupokelewa na Apple TV na baadhi ya televisheni mpya. Chromecast, kifaa cha kuchomekwa kwenye televisheni, hutumika kupitia kivinjari cha Chrome, kinachoweza kurusha ukurasa mmoja au kioo kizima, lakini kifaa hicho hudai intaneti wakati wa kuandaliwa.

VLC hufaa pale ambapo televisheni haina Miracast lakini inaweza kupokea programu. VLC ya kompyuta huagizwa kunasa eneokazi na kulitoa kwa HTTP kwenye mlango wa 8080. VLC iliyowekwa kwenye televisheni ya Android huandikiwa anwani ya kompyuta, kwa mfano http://192.168.1.5:8080, na picha huanza. Zikikataa kuonana, mara nyingi sababu ni ulinzi wa Windows unaozuia vifaa vingine kuifikia kompyuta. VLC huruhusiwa humo kwa mtandao wa nyumbani pekee.

Televisheni za kichogo kwa kawaida hazina tundu la HDMI. Zinahitaji kifaa cha kupokea pamoja na kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda kwenye waya za AV za njano, nyekundu na nyeupe, na maandishi madogo hayasomeki vizuri juu yake. King'amuzi cha kawaida hakisaidii, kwa kuwa kazi yake ni kufungua matangazo ya dishi au antena.

Mahali pa rauta

Katika nyumba ya mlimani, rauta ya laini ya simu huwekwa pale inapoupata mnara, pengine dirishani mwa chumba cha mwisho, huku televisheni ikiwa sebuleni. Kuta nene za matofali zilizo katikati hudhoofisha mawimbi. Masafa ya gigahezi 5 hubeba data nyingi lakini huchoka upesi ukutani. Yale ya 2.4 hupenya zaidi lakini ni membamba. Isitoshe, kompyuta na televisheni zote zikitumia Wai-Fai, kila data hupita hewani mara mbili, kwenda kwenye rauta na kutoka, na uwezo hupungua karibu nusu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuunganisha kimoja kati ya vifaa hivyo na rauta kwa waya wa mtandao, ambao hufika hadi mita 100. Hata waya wa megabiti 100 kwa sekunde unatosha kabisa. Ya pili ni kuihamishia rauta karibu na televisheni wakati wa kurusha mafaili yaliyohifadhiwa, kwa sababu wakati huo mnara hauhitajiki.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato hubaki hai kwa betri yake, lakini rauta na televisheni huzimika. Rauta nyingi ndogo hutumia volti 12, hivyo huweza kuendeshwa kwa betri ya sola ya volti hizo kwa waya unaofaa, sambamba na televisheni za sola.

Ucheleweshaji

Kunasa, kubana, kutuma na kufungua huchukua muda. Televisheni huwa nyuma ya kompyuta kwa sehemu ndogo ya sekunde katika Miracast, na kwa sekunde moja au zaidi katika VLC, ambayo hujiwekea akiba ya data ili picha isikatike. Kwa filamu na masomo hilo halina madhara, mradi sauti nayo itoke kwenye televisheni. Kwa michezo ya kompyuta ni kikwazo. Huduma ya kurusha michezo iliyomo kwenye Steam ya Valve tangu mwaka 2014, na programu huria za Sunshine na Moonlight, zilibuniwa kupunguza muda huo kwa kutumia kadi ya picha kubana.

Matumizi, usalama na haki

Afisa ugani anaweza kuwakusanya wakulima wa mboga sebuleni na kuwaonyesha picha za mnyauko wa viazi zikiwa kubwa kiasi cha kuonekana na wote, huku kompyuta ikiwa mikononi mwake na si kwenye ncha ya waya. Mwalimu huonyesha majedwali, na familia hutazama picha za harusi pamoja.

Kinachorushwa ni kioo kizima, ukiwemo ujumbe unaoingia ghafla. Inafaa kuzima taarifa za programu kwanza, kuweka nenosiri imara kwenye Wai-Fai, na kuiagiza televisheni idai namba ya siri kabla ya kupokea. Filamu za huduma za kulipia huweza kutokea kama kioo cheusi kwa sababu zimefungwa zisinaswe.

Kutazama nyumbani na kuonyesha kwa kiingilio ni mambo mawili mbele ya sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwenye kibanda umiza anayewarushia wateja filamu huhitaji idhini ya mwenye haki, iwe picha imefika kwenye televisheni kwa waya au kwa Wai-Fai.