Uniti Zinazolipiwa na Uniti Zinazoingia: Upimaji wa Umeme wa Kuchaji Magari Wilayani Tarime na Serengeti

Umeme wa kuchaji gari hupimwa mahali pawili, na majibu yake hayalingani. Mita ya LUKU huhesabu uniti zilizotoka kwenye waya wa TANESCO. Kompyuta ya gari huhesabu zilizofika kwenye betri. Uniti ni ileile, yaani kilowati-saa 1, lakini njiani ipo chaja inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, zipo nyaya zinazopata joto, na ipo mitambo ya gari inayolazimika kukaa macho muda wote wa kuchaji. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya umeme ulionunuliwa hupotelea humo. Ndiyo maana Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, unapotangaza kiasi cha umeme kinachotumiwa na gari, huhesabu umeme uliotoka ukutani, si ule uliofika kwenye betri. Tarime na Serengeti zina sababu kubwa zaidi ya kufuata utaratibu huo, kwa kuwa mazingira yake yanaongeza tofauti kati ya vipimo hivyo viwili.

Sababu moja ni volteji. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, haipati volti 230 kila saa. Jioni, watu wanapowasha taa, pasi na majiko, volteji hushuka. Gari lililochomekwa kwenye soketi ya kawaida huvuta mkondo usiozidi kiwango fulani, tuseme ampea 10. Penye volti 230 linapata wati 2,300. Penye volti 190 linapata wati 1,900. Mitambo inayokaa macho haipunguzi mahitaji yake kwa sababu volteji imeshuka. Ikiwa inakula wati 300, basi kuingiza uniti 30 kwenye betri kutachukua saa 15 katika hali ya kwanza na mitambo hiyo itakula uniti 4.5; katika hali ya pili zitahitajika karibu saa 19, nayo itakula uniti 5.6. Chaja ya ampea 32 yenye volti 230 kamili ingemaliza kazi hiyo kwa saa 4 na robo, mitambo ikala uniti 1.3 tu. Hesabu hii haijagusa hasara ya chaja yenyewe wala ya nyaya, ambazo huongezwa juu yake. Dashibodi itasoma uniti 30 katika hali zote tatu. Mwenye gari anayeitegemea hatajua kamwe kwa nini tokeni zake zinakwisha mapema.

Kwa mwenye pikipiki ya umeme tofauti hiyo inagusa hata bei ya uniti. Kwa agizo la bei la mwaka 2016 la EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mteja wa kundi la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Tuchukue betri ya uniti 3 inayojazwa kutoka tupu siku 25 kwa mwezi. Kwa hesabu ya betri, hizo ni uniti 75 kamili, na dereva wa bodaboda wa Sirari au Nyamongo anaweza kuamini kwamba yuko ndani ya mpaka. Ukutani, penye upotevu wa asilimia 12, zimetoka uniti 85, tena kabla ya kuwashwa taa hata moja ya nyumba. Kwa bei hizo, pikipiki inayochajiwa kwenye LUKU ya familia inaiondoa familia hiyo katika bei nafuu bila mtu yeyote kuona ilivyotokea. Mita ndogo kwenye soketi ya kuchajia ingetosha kuonyesha.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hali ni nyingine kabisa. Kambi nyingi za watalii ziko mbali na gridi na zinajitegemea kwa sola na jenereta. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia magari ya safari yaliyoondolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota na betri, yakichajiwa kwa sola. Hapo hakuna LUKU, na umeme huonekana kama wa bure. Si wa bure. Paneli zinalisha kidhibiti, kidhibiti kinalisha betri za kambi, betri zinalisha inveta, inveta inalisha chaja ya gari, na kila hatua inakata fungu lake. Umeme wa gari linalochajiwa usiku unapitia betri mbili, ya kambi na ya gari. Wa gari linalochajiwa mchana, jua likiwa kali, unaweza kuruka ile ya kambi. Kwa kuwa eneo hilo liko takriban nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, na ratiba ya kuchaji adhuhuri inaweza kupangwa bila kuhofia mchana kufupika. Faida ya ratiba hiyo haionekani kwenye gari. Inaonekana tu kambi ikiweka mita mbili: moja kwenye paneli, nyingine kwenye soketi.

Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Gari lichajiwe hadi lijae, liendeshwe, lichajiwe tena hadi lijae palepale, kisha uniti za ukutani zigawanywe kwa kilomita. Penye LUKU moja tu, vifaa vingine vizimwe wakati wa kipimo. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, yenye miinuko na miteremko yake, haitaharibu hesabu hii: umeme ambao mota hurudisha kwenye betri wakati wa kushuka unaweza kuhesabiwa mara mbili na kompyuta isiyopangwa vizuri, lakini haupiti kwenye mita ya ukutani. Kipimo kimoja hakitoshi. Mvua, matope na mzigo hubadilisha jibu, hivyo wastani wa wiki kadhaa ndio wa kuaminika.

Kuuza umeme wa kuchaji ni jambo jingine. Pampu za mafuta hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mnunuzi wa dizeli ana haki ya lita kamili. Atakayefungua kituo cha kuchaji Mugumu au Tarime atoze kwa mita iliyohakikiwa, iliyofungwa kwenye kebo inayoingia garini. Asitoze kwa saa, maana volteji ikishuka mteja atalipa zaidi kwa umeme pungufu.