Watu Wangu: Neno la Hosea na Kijiji cha Bagamoyo



Ndugu wapendwa, kila Dominika tunaitwa “Taifa la Mungu”. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya jina hilo ni ‘am. Asili yake si utawala wala mipaka ya nchi, bali ni ukoo wa upande wa baba. Nasi Waswahili hatuko mbali nalo: Kiarabu, ndugu yake Kiebrania, kilitupatia kutoka shina hilohilo neno “ami”, yaani ndugu wa baba.

Basi nabii Hosea, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, alipoagizwa kumwita mwanawe Lo-ami, maana yake “si watu wangu”, Israeli haikutishiwa kupoteza ufalme tu. Ilikanwa kama mtoto anavyokanwa na jamaa yake. Na ahadi ya kuitwa tena watu wa Mungu ilikuwa ahadi ya kurudishwa nyumbani.

Historia yetu inalifahamu jambo hilo. Kutoka hapa Mlandizi, barabara ya Makofia hutufikisha Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misheni mwaka 1868. Huko waliwakusanya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa katika soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Mtumwa hakuwa mtu wa minyororo tu. Alikuwa mtu asiye na ukoo. Hakuwa na ami wa kumdai akipotea, wala wa kumzika akifa. Watu hao wa makabila mbalimbali walibatizwa, wakaoana, wakawa kijiji kimoja. Mwaka 1877 baadhi yao walifuatana na mapadre kwenda kuanzisha misheni ya Mhonda.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Walifanya kazi mashambani chini ya sheria kali za misheni, na wapo waliotoroka. Kumwita mtu ndugu ni kazi ya siku moja. Kumfanya ndugu ni kazi ya miaka.

Mji wetu nao umekusanya watu wa mikoa mingi. Mgeni anapougua peke yake katika chumba cha kupanga, swali letu la kwanza huwa, “Kwao ni wapi?” Taifa la Mungu lina jibu moja: kwao ni hapa, na Jumuiya Ndogo Ndogo ndiyo ami yake. Wiki hii tumtafute kabla hajaugua.

Amina.